Sura ya Nne: Nitue

Kisima chetu kilikuwa bondeni, chini ya mashamba ya michungwa ya Muheza, na kupanda kutoka kule ukiwa na ndoo ya lita 20 kichwani ni mwendo wa kukata pumzi. Bibi yangu aliupanda kila alfajiri. Alianza kwa kuokota majani makavu ya mgomba, akayasokota yakawa ngata, akaiweka utosini, kisha akamwomba yeyote aliyekuwepo kisimani amtwike. Njiani alikwenda shingo wima, mkono mmoja ukigusa ukingo wa ndoo, majani mabichi mawili matatu yakielea juu ya maji ili yasiruke. Alipofika uani hakusalimia mtu. Alisema neno moja tu: "Nitue."

Aliyekuwa karibu aliacha alichokuwa akifanya. Kama ni sisi wajukuu tulisimama wawili, mmoja huku na mmoja kule, tukanyanyua mikono, naye akapiga magoti taratibu hadi ndoo ikafika usawa wetu. Tukaipokea. Hapo ndipo alipotoa pumzi. Naikumbuka pumzi ile kuliko maji yenyewe: ilikuwa ndefu, na mwishoni ilikuwa na sauti ndogo kama ya mtu anayeanza kuimba akaghairi. Akavua ngata, akasugua utosi kwa kiganja, na sasa ndipo tulipoweza kusema shikamoo bibi, naye akaitikia marahaba na kuuliza tumeamkaje.

Wapo wanawake wanaojitua wenyewe. Nimewaona. Wanapiga goti moja, wanakaza shingo, wanaishusha ndoo kwa mikono miwili, na mara nyingi wanafanikiwa, ingawa maji huwarukia kifuani na mgongo huja kudai haki yake baada ya miaka. Bibi aliweza hata hilo. Lakini nyumba ikiwa na watu hakujitua hata siku moja, na sikuelewa kwa nini hadi nilipokuwa mtu mzima mwenye ndoo zangu.

Siku hizi Tanzania imeligeuza neno lile kuwa kaulimbiu. Kumtua mama ndoo kichwani, wanasema viongozi wanapozindua mradi wa maji, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Hawasemi wampe mama nguvu zaidi, wala wamfundishe kubeba kwa ustadi zaidi. Wanasema wamtue. Naamini Kiswahili kimetuwekea hapo jambo kubwa la imani. Kutua ni kushusha mzigo, na kutokana na kutua tumepata kutulia, kutuliza, utulivu. Mtulivu, ukifuata asili ya neno, ni mtu ambaye mzigo wake umeshuka. Amefika mahali, mikono imempokea. Ndiyo maana kumwambia mtu mwenye ndoo kichwani "tulia" ni kumwonea. Atatuliaje naye hajatuliwa?

Lakini ndivyo tunavyoambiana, tena kanisani. Mtu ana kodi ya nyumba ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo, ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, ana mzazi anayesafishwa damu hospitali mara mbili kwa wiki, ana ule mkopo ambao wakopaji wenyewe wameupa jina la kausha damu. Anaamka saa tisa usiku, anahesabu dari. Asubuhi anamweleza mwenzake, naye anamjibu: usiwe na wasiwasi, Mungu yupo. Ni kweli Mungu yupo. Ila aliyesema hivyo amempita mwenye ndoo uani bila kunyanyua mkono.

Yesu hakuwapita. Katika sura ya 11 ya Mathayo anawaita watu wanaotaabika na waliolemewa, anawaahidi pumziko, na anawaita kwake mwenyewe. Tuangalie anawaita akina nani. Wavuvi na wakulima wa Galilaya walikuwa wakitozwa kodi ya Warumi na kodi ya Herode, na juu ya hizo kulikuwa na mzigo mwingine wa kanuni za dini zilizofanya mtu wa kawaida ajione hatoshi mbele za Mungu kila kunapokucha. Watu hao ndio anaowaambia waje. Hawaambii wajitengeneze kwanza ndipo waje. Wanakuja na ndoo zao kichwani, kama bibi alivyoingia uani.

Kisha anataja nira, na hapo wengi wetu hupita haraka kwa sababu tunapenda sehemu ya pumziko kuliko sehemu ya nira. Waulize wakulima wa Usukumani wanaolima kwa plau. Nira ni gogo la shingo mbili. Maksai mchanga hafungwi peke yake. Hufungwa na mkubwa aliyezoea, na mkubwa ndiye anayejua mstari uendako. Kazi ya shamba ipo pale pale. Jua lipo pale pale. Kilichobadilika ni nani yuko upande wa pili wa gogo. Nimewahi kusikia watu wakihubiriwa kwamba wakiokoka matatizo yataisha, na nimewaona watu hao hao miaka miwili baadaye wakiona haya kuja ibadani kwa kuwa matatizo hayakuisha. Waliahidiwa kitu ambacho Bwana mwenyewe hakuahidi.

Neno ninalolipenda kuliko yote katika jambo hili lipo katika Biblia ya Union iliyotoka mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo. Watafsiri wake walipofika Zaburi ya 55, na tena walipofika sura ya 5 ya Waraka wa Kwanza wa Petro, panapozungumzwa habari ya kumpa Mungu mizigo yetu na fadhaa zetu, walichagua kitenzi cha kutwika. Kigiriki cha Petro kina neno la kutupa: unamtupia Mungu. Ni neno zuri. Lakini kutwika kunasema zaidi, na kila aliyewahi kufika kisimani anajua kwa nini. Huwezi kumtwika mtu mrefu kuliko wewe akiwa amesimama wima. Lazima ainame. Lazima akusogezee kichwa chake, ngata ikiwa imeshawekwa tayari, asubiri huku wewe unanyanyua. Mungu anayetwikwa ni Mungu aliyeinama. Nikisoma hapo naiona hori ya Bethlehemu, naliona beseni la maji na miguu michafu ya wanafunzi, naiona barabara ya kutoka Yerusalemu na mbao mabegani. Mungu alikuwa akiinama muda wote huo, akisubiri tunyanyue.

Kazi ya kuileta Biblia katika Kiswahili nayo imepita katika mikono yenye mizigo. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, aliweka makazi Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Juni mwaka huo, akisaidiwa na kadhi wa mji, alianza kukigeuza kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Julai homa iliwaangusha wote wawili. Rosine alikuwa amejifungua binti siku chache tu zilizopita. Akafa, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Kaburi liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na linatembelewa hadi leo. Alipopata nafuu alirudi kwenye karatasi zake.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumsifu kwa ushujaa. Mimi huvutiwa na kilichotokea miaka miwili baadaye. Mwaka 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, na Agosti wakaondoka pamoja kwenda kuanzisha kituo Rabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja, wakawa wanapokezana kumpanda. Hata sasa nikifikiri juu ya kanisa la pwani nawaona hao: wagonjwa wawili, punda mmoja, kilima kikali. Mmoja akichoka kabisa, mwingine anashuka.

Paulo anaandika jambo linalofanana na hilo katika sura ya 6 ya Wagalatia, na watafsiri wetu wakamtafsiri kwa umakini mkubwa. Mstari wa 2 unawaambia waamini wachukuliane mizigo. Mistari mitatu baadaye Paulo anasema kila mmoja atalichukua lililo lake, na mtu anaweza kudhani amejipinga. Kiswahili kinatuokoa: pale juu pana mzigo, pale chini pana furushi. Furushi ni kile kibunda cha msafiri, nguo mbili na chakula cha njiani. Kila mtu ana lake na hapaswi kumpa mwenzake: kuamka kwenda kazini, kulea wanawe, kuomba msamaha alipokosea. Mzigo ni kitu kingine. Mzigo ni kile ambacho mtu mmoja hakuumbiwa kukibeba peke yake. Kufiwa ni mzigo. Ugonjwa mrefu ni mzigo. Deni lililozidi mshahara ni mzigo. Wasiwasi mwingi ninaokutana nao, ukiwamo wangu, unatokana na kuchanganya hivi viwili: tunang'ang'ania mizigo kana kwamba ni furushi, kwa aibu, tukisema haya ni mambo yangu ya ndani, na wakati mwingine tunataka wengine watubebee furushi.

Nabii Eliya aliwahi kuvunjika chini ya mzigo wake. Habari yake iko katika sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza, nami huwaelekeza huko watu wanaodhani kuchoka ni dhambi. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amesimama juu ya Karmeli, moto umeshuka kutoka mbinguni, mvua imerudi baada ya ukame. Kisha malkia akatishia kumwua, naye akakimbia hadi jangwani, akaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amwondoe duniani. Huyu ni nabii. Huyu ni mtu wa maombi yaliyojibiwa. Na Mungu anamfanyia nini? Hamkemei. Hamkumbushi Karmeli. Anamwacha alale. Kisha malaika anamgusa na kumwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa, na maji kando ya kichwa chake. Anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kile kile, na sababu anayotoa ni kwamba safari ni kubwa kwake.

Usingizi, mkate, maji, usingizi, mkate. Hayo yote yalitangulia kabla Mungu hajamuuliza swali lolote. Nimekuwa nikimsogelea Mungu miaka mingi nikidhani anataka maelezo yangu kwanza, kumbe kuna nyakati anataka nile na nilale. Na Eliya alipopewa nafasi ya kusema, alichosema mara mbili ni kwamba amebaki peke yake. Jibu alilopewa lilikuwa na majina na hesabu ya watu: aende akampake mafuta Elisha, na tena ajue kwamba katika Israeli wamo 7,000 ambao hawakumpigia Baali goti. Mungu alimtua Eliya kwa kumwonyesha watu.

Lakini usiku ukifika, watu wameondoka, tunabaki na dari. Hapo nataka kumrudia bibi.

Chumba chake kilipakana na chetu, na ukuta haukufika juu. Kila usiku tulimsikia akisali. Alikuwa Mwanglikana wa Magila, aliyekulia karibu na kengele ya misheni, na kitabu chake cha sala alikifahamu kwa moyo. Akimaliza sala za kitabu alianza sala zake mwenyewe, na hizo zilikuwa za ajabu kwa jinsi zilivyokuwa na vitu ndani. Hakuomba baraka kwa jumla. Alimwambia Mungu kwamba bati la jikoni limetoboka upande wa mashariki. Alimwambia kwamba machungwa mwaka huu madalali wanayataka kwa bei ya kutupa. Alimtaja mjomba aliyekwenda Dar es Salaam asiandike barua. Alitaja goti lake, la kushoto. Alitaja jirani aliyehamisha mpaka wa shamba, na hapo sauti yake ilikaza kidogo, akanyamaza, kisha akaendelea kwa sauti laini zaidi. Kila alipomaliza jambo alitua kidogo, kama mtu anayekagua kama mikono imeshika kweli kabla ya kuachia. Mwisho alishukuru kwa vitu vile vile vidogo: kwa chumvi aliyoazimwa, kwa kuku aliyerudi. Kisha alisema, "Haya, nimetua," na ndani ya dakika chache tulimsikia akikoroma.

Bati lilikuwa bado limetoboka. Alijua. Asubuhi aliweka sufuria chini ya tundu.

Paulo, akiwaandikia Wafilipi naye yuko kifungoni, anawashauri karibu hivyo hivyo: waache kujisumbua, na badala yake kila neno walilo nalo walipeleke kwa Mungu, wakiomba na kushukuru, na amani ipitayo akili itakuja kuwalinda. Nilichojifunza kupitia ukuta ule ni kwamba mkazo uko katika kila neno, moja moja. Wasiwasi hupenda kuja kama lundo. Unapolala, deni na goti na mjomba na mpaka wa shamba vinakuja kwa pamoja vimefungwa kamba moja, na hakuna mtu anayeweza kunyanyua lundo. Kusali kwa jinsi ya bibi ni kuifungua kamba. Unatoa kimoja, unakitaja jina, unamtwika, unachukua kinachofuata. Nimejaribu kwa miaka. Kuna usiku unafanya kazi na kuna usiku ambao nimefika jambo la tano nikakuta la kwanza limerudi kichwani, na nikalazimika kuanza upya. Petro hakusema tunatwika mara moja tu maishani. Bibi alikwenda kisimani kila siku.

Na kuna jambo la kesho. Wana wa Israeli jangwani waliokota mana ya siku hiyo, na waliojaribu kuiweka hadi asubuhi waliikuta ina funza na inanuka. Riziki ya kesho hailetwi leo, na neema ya kuikabili kesho nayo hailetwi leo. Ndiyo sababu msiba tunaouogopa hutushinda zaidi tukiwa kitandani kuliko ukishafika. Ukifika, unafika na siku yake, na watu wake, na nguvu ambazo jana yake hukuwa nazo. Yesu alipowaonyesha wanafunzi ndege na maua ya kondeni alikuwa anawarudisha katika siku waliyokuwamo.

Si mizigo yote inayotoka nje. Mingine tunaitengeneza ndani, na uchungu wa moyo ndio mzito kupita yote. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, alikimbia usiku yeye na mkewe Mera, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Kivengere alikuwa mlokole, mtoto wa uamsho ule uliowaka Gahini nchini Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ambao akina Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church waliuanza na ambao ulienea hadi Bukoba, Kenya na kwingineko. Alikuwa amehubiri msamaha nusu ya maisha yake. Sasa alikuwa salama, mbali na bunduki, na bado hakuwa na raha. Alieleza baadaye, bila kujificha, kwamba chuki dhidi ya Amin ilikuwa ikimla, na kwamba maombi yake yalikauka. Alikuwa ameikimbia Uganda lakini amembeba Amin.

Siku ya Ijumaa Kuu mwaka huo, akiwa kanisani London, alisikia habari ya Yesu akiwaombea msamaha wale wanaompigilia misumari. Akauona mkono wake mwenyewe umefumbwa. Akamsamehe Amin. Mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake, kwa Kiswahili chetu, ni Nampenda Idi Amin, na watu wengi walikwazika na jina hilo. Mimi silisomi kama maneno ya kuufunika uovu. Kivengere aliendelea kuusema wazi, na aliendelea kuwahudumia wakimbizi. Nalisoma kama pumzi ya mtu aliyepiga magoti uani na ndoo ikapokewa.

Walokole wale walikuwa na desturi inayotufaa sana leo. Walikutana kila wiki, na katika kukutana huko kila mmoja aliweka mambo yake wazi mbele ya wenzake, dhambi pamoja na hofu. Kuishi nuruni, ndivyo walivyoita. Mwafrika na Mzungu, mwenye cheo na mfagiaji wa hospitali, walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema ukweli, na wenzao wakaitikia kwa wimbo wa Tukutendereza. Wakatoliki nao kwa njia yao walifika karibu na hapo: maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya AMECEA ya 1973 na 1976, walizipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, majirani wachache wanaosali nyumba kwa nyumba. Waluteri wana zao, Waanglikana tuna zetu.

Kabla sijasema nilichokiona katika mojawapo, lazima niseme neno juu ya wanaofanya kinyume. Wapo watumishi wanaomwambia mtu aliyelemewa na deni kwamba atoe sadaka kubwa kuliko deni ili afunguliwe. Wapo wanaomwambia mama mwenye sonona kwamba anakosa imani, aache dawa. Yesu aliwakemea vikali watu wanaofunga mizigo mizito na kuwawekea wengine mabegani huku wao hawataki kuigusa kwa kidole. Ukitoka ibadani una ndoo mbili na uliingia na moja, hapo hukukutana na yule aliyekuita. Na kama usingizi umekukimbia kwa wiki nyingi, kama chakula hakipiti, kama wazo la kufa linakutembelea kama lilivyomtembelea Eliya, nenda hospitali, na mwambie mtu leo hii. Luka alikuwa tabibu, na alisafiri na Paulo. Daktari naye ni mikono inayopokea.

Mtaani kwetu Dar es Salaam jirani yangu alinialika jumuiya yao, nami nikaenda, kwani jirani ni jirani. Ilikuwa Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye baraza, mkeka chini na mshumaa juu ya stuli. Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina. Somo likasomwa, likazungumzwa kidogo, kisha wakaanza kutoa nia za maombi. Mama mmoja anayechoma vitumbua kona ya mtaa alikuwa amechelewa, ameketi karibu na mlango, kanga imemfunika hadi kwenye paji la uso. Zamu yake ilipofika alianza kuombea wasafiri. Akanyamaza. Tukadhani amemaliza.

"Nina deni," akasema. "Nimekopa sehemu tatu. Ninalipa hii kwa ile. Jumatano wanakuja kuchukua friji, na baba watoto hajui."

Hakuna aliyesema usijali. Mwenyekiti, mzee mstaafu wa reli, alivua miwani, akaifuta, akauliza kwa upole, "Mama, jumla ni kiasi gani?" Ilionekana wazi kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza, wala yeye hakuwahi kujiuliza. Katibu akageuza daftari la mahudhurio, na nyuma yake wakaandika: huyu kiasi hiki, riba kiasi hiki, yule kiasi hiki. Ilichukua muda mrefu. Mama alitaja, akasahihisha, akalia, akataja tena. Jumla ilipopatikana dada mmoja aliisoma kwa sauti, na nikaona mabega ya yule mama yakishuka. Ilikuwa namba kubwa. Lakini ilikuwa namba, imeandikwa, na macho kumi na manne yalikuwa yakiiangalia pamoja naye.

Wakasali. Sala ilikuwa fupi kuliko hesabu.

Kisha wakagawana kazi. Deni dogo kuliko yote lingelipwa siku hiyo hiyo kutoka mfuko wa jumuiya. Kina mama wawili wangemsindikiza Jumatatu kwenda kuomba deni la pili ligawanywe kwa miezi. Mwenyekiti angekwenda jioni kukaa na baba watoto, kabla na baada ya mama kusema. Nilikumbuka njiani kurudi kwamba Bwana mwenyewe, alipoishiwa nguvu kwenye njia ya Golgotha, alibebewa msalaba na Simoni wa Kirene, mtu wa upande ambao leo ni Libya, aliyekuwa akipita tu kutoka shamba.

Jumatano wale watu wa deni la tatu walikuja na guta, wakaondoka na friji. Baba watoto aliwasaidia kulipakia.

Nilipopita kununua vitumbua mwisho wa wiki ile nilimuuliza mama anaendeleaje, nikitarajia machozi. Akageuza kitumbua kwa kijiti, akafikiri. "Nimelala," akasema. Usiku wa Jumatano, alinieleza, alijilaza saa tatu akiwa bado na kanga ya kutokea. Hakusikia adhana, hakusikia jogoo. Mtoto wake ndiye aliyemwamsha, jua limeshaingia chumbani, unga wa mchele umeumuka hadi ukafurika ukingoni mwa beseni, na nje wateja wamesimama na mabakuli yao wakimsubiri.